Msichana Anayesaidia Mizimu: Hadithi za Picha za Kutisha na Uchungaji Mpakani Tunduma

Makala haya yanahusu aina ya hadithi ambayo wanafunzi wetu wengi wa theolojia waliisoma kabla hawajafungua kitabu kimoja cha mafundisho ya dini, na ambayo vijana wa sharika zao wanaisoma hata sasa. Ni hadithi ya picha ya kutisha. Ina nyumba kuukuu, usiku usiokwisha, makaburi yaliyoota majani, na katikati yake msichana mwenye nguo nyeusi anayewaona wafu. Msichana huyo hawakimbii wala hawafukuzi. Huwauliza wanataka nini. Akisha kujua, huwatafutia kile walichokosa, nao hutulia na kwenda zao.

Mchungaji aweza kuziweka kando hadithi hizi akisema ni upuuzi wa watoto, au aweza kuzikusanya na kuzichoma moto mbele ya kanisa, kama ilivyofanyika mahali pengine. Sisi twaona njia zote mbili hazitoshi. Katika mkoa wa Songwe, na hasa katika mji wa Tunduma, swali la wafu wasiotulia si swali la vitabuni. Huletwa ofisini kwa mchungaji na watu wazima wenye akili timamu, nalo hudai jibu. Kwa hiyo tumekusudia kueleza hadithi hizi zimetoka wapi, zinasema nini hasa juu ya wafu, na mtumishi wa Kiluteri afanye nini anapokutana nazo.

Mdai asiyelipwa

Hadithi za namna hii huitwa za gothiki, na asili yake inajulikana. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alichapisha kitabu kuhusu ngome ya Otranto huko Italia, kwanza bila kutaja jina lake, akijifanya kwamba ni tafsiri ya maandiko ya kale. Ndani yake mtawala aitwaye Manfred anaishi katika ngome ambayo babu yake aliipata kwa kumpa sumu mwenye mali, Alfonso. Siku ya arusi ya mwana wa Manfred, kofia ya chuma kubwa kupita kiasi inaanguka kutoka juu na kumponda bwana arusi. Tangu hapo mkono mkubwa huonekana hapa, mguu mkubwa pale, mpaka Alfonso mwenyewe anatokea na kumtaja mrithi wa haki.

Msomaji na aangalie jambo moja. Mzimu wa hadithi hii hautishi kwa sababu unapenda kutisha. Unadai. Kuna damu isiyosemwa na kuna mali iliyo mikononi mwa asiyestahili. Hadithi nyingi zilizofuata katika muda wa zaidi ya miaka 250 zimejengwa juu ya msingi huo huo: mfu asiyetulia ni mdai asiyelipwa, na ukimya wa walio hai ndio unaomfanya arudi.

Msichana aliingia baadaye, na katika hadithi za picha za karne hii amechukua nafasi ya kwanza. Tutaje mbili tu. Mwaka 2011 Vera Brosgol, mchoraji wa Marekani mzaliwa wa Urusi, alitoa hadithi ya picha ya msichana Anya aliyetumbukia katika kisima na kukuta mifupa, na pamoja na mifupa hiyo mzimu wa binti aitwaye Emily. Emily anasimulia jinsi alivyouawa pamoja na familia yake. Anya anamhurumia na kuahidi kumtafuta muuaji. Halafu anachunguza magazeti ya zamani na kugundua kwamba Emily alimdanganya: hakuuawa, bali yeye ndiye aliyeua kwa wivu. Tutairudia hadithi hii, kwa maana ndani yake kuna fundisho ambalo Dakta Martin Luther angelitia sahihi. Mwaka 2016 Raina Telgemeier, wa Marekani pia, alitoa kitabu kuhusu ndugu wawili wa kike, mmoja wao akiwa na ugonjwa wa mapafu usiopona, wanaohamia mji wa pwani ambako wafu husherehekewa mara moja kwa mwaka. Hapo mzimu hautishi tena. Mtoto anayekaribia kufa anataka tu kujua kama huko anakokwenda kuna mtu atakayezungumza naye.

Kwetu, hadithi za mizimu hazikungoja Wazungu. Lakini zilipoingia katika vitabu zilifuata njia yao wenyewe. Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti anakutwa mahali pa mzimu, na Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, anaonyesha kwa hoja kwamba aliyeua ni binadamu. Baadaye yalikuja majarida ya katuni. Jarida la Sani, lililopata jina lake kutokana na silabi za waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilisomwa nchi nzima, hata kwa kuazimana mpaka kurasa zichakae. Kando ya vichekesho, katuni za Kiswahili zilikuwa na wachawi, majini na wafu waliorudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo hayo yakahamia kwenye video. Twakiri kwamba katika hadithi zetu hizi msichana msaidizi ni adimu. Mara nyingi mfu huja kulipiza kisasi, watu hufa mmoja mmoja, na mwisho mganga au mwombaji Mkristo humshinda kwa nguvu. Anayeuliza mfu anataka nini ni nadra. Tofauti hii si ndogo, nasi tutaona inaingiaje kanisani.

Neno nsyuka

Miongoni mwa video za kwanza za kutisha zilizotengenezwa Tanzania imo ile ya Mussa Banzi iitwayo Nsyuka. Watazamaji wengi wa Dar es Salaam walidhani ni jina la kubuni. Wenyeji wa Rungwe, Kyela na Ileje walilijua tangu utoto. Ni neno la Kinyakyusa, na wingi wake ni abasyuka. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliandika kwa kirefu juu ya abasyuka: ndio wafu wa ukoo, baba na babu, wanaodumu kuhusika na watoto wao. Si majini na si wageni, ni watu wa nyumbani.

Neno hilo limejengwa juu ya kitenzi ukusyuka, maana yake kufufuka. Ndicho kitenzi kitumikacho Mkristo wa Kinyakyusa anapotamka kwamba Kristo alifufuka. Hapa mwanafunzi wa theolojia na asimame kidogo. Neno moja limebeba ufufuo wa Bwana, heshima kwa baba aliyelala, na sasa, kwa kazi ya video, limekuwa jina la dubwana. Tunapohubiri Pasaka kwa Kiswahili mbele ya kijana wa mjini ambaye nsyuka kwake ni sura ya kuogofya ya kwenye kioo, na bibi yake ameketi ubavuni, wawili hao hawasikii habari moja. Mwinjili Luka alilijua tatizo hilo. Katika sura ya 24 wanafunzi wanamwona Yesu na kudhani wanaona roho, naye hawashambulii kwa hoja za falsafa. Anawaonyesha mikono na miguu, kisha anaomba chakula, na wao wanampa kipande cha samaki, naye anakula mbele yao. Aliyefufuka ana njaa na ana makovu. Mzimu hauli samaki.

Kiswahili chenyewe nacho kina funzo. Mzimu, kuzimu na wazimu ni maneno ya shina moja. Mahali pa wafu, mfu asiyetulia, na akili iliyovurugika, vyote vinakaa karibu. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya taratibu za jamaa miongoni mwa Wanyakyusa, Monica Wilson aliandika kwamba kazi kubwa ya taratibu za msiba ilikuwa kumtenga mfu na waliofiwa, na kwamba aliyeziacha aliogopewa kupatwa na kichaa. Waliofiwa waliigiza wazimu kwa siku chache, ili wazimu wenyewe usije. Wanaume walicheza ngoma ya msiba, ukukina, wakiwa na mikuki, kwa ukali mkubwa. Kwanza mfu alifukuzwa nyumbani, kisha akarudishwa kwa utaratibu kama mzee wa ukoo. Kwa maneno mengine, watu wa kale walikuwa na njia ya kumpeleka mfu mahali pake, na njia hiyo ilichukua siku nyingi na watu wengi.

Wamisionari walifika katika nchi hii mwaka 1891, Wamoravian wakianzia Rungwe na Waluteri wa Berlin wakichukua upande wa mashariki wa Konde. Mwaka 1899 Wamoravian wakafungua kituo cha Mbozi kwa Wanyiha. Walikataza mengi katika taratibu za msiba, na mengine yalistahili kukatazwa. Walichoweka badala yake kilikuwa ibada ya maziko: wimbo, somo, mahubiri, udongo mara tatu, baraka. Ni ibada njema, nasi tunaitumia. Lakini ni ya saa moja. Kazi iliyokuwa ikifanywa na ukoo mzima kwa wiki kadhaa iliachwa bila mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe hupata mwenyewe haraka. Aliyeichukua ni mganga, na katika miaka ya karibuni ni mtu wa maombezi.

Mji wa wanaokufa mbali

Tunduma ni mji wa mpaka. Upande wa pili ni Nakonde, Zambia, na kati yake ni hatua chache. Barabara kuu ya kwenda Lusaka inapita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo pia. Malori husimama katika foleni ndefu kungoja forodha. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Kutoka Mbozi huja Wanyiha, kutoka Ileje Wandali, kutoka Rungwe na Kyela Wanyakyusa, na kutoka ng'ambo Wabemba, bila kuhesabu wafanyabiashara wa mikoa yote ya Tanzania. Songwe ilipotengwa na Mbeya na kuwa mkoa mwaka 2016, makao makuu yakiwekwa Vwawa, Tunduma tayari ilikuwa mji wenye pilika kuliko makao hayo.

Katika mji wa namna hii watu wengi hufa mbali na kwao. Dereva afaye njiani huzikwa na wasiomjua jina la baba yake. Binti aliyekuja kuuza chakula kwa wasafiri huugua na kufa katika chumba cha kupanga, na ndugu zake hufika baada ya udongo kukauka, au hawafiki. Ukimwi uliongeza vifo hivyo, na aibu ikaongeza ukimya. Mahali pengine msiba una wenyewe. Hapa mara nyingi mchungaji na wapangaji wenzake marehemu ndio ukoo.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbozi na maeneo ya jirani yalikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, na ilisemwa kwamba ngozi hizo zilivushwa mpakani kwa ajili ya ushirikina wa mali. Watu wa umri wetu hawajasahau hofu ya siku zile, jinsi watoto walivyokatazwa kutembea peke yao na mgeni yeyote alivyotazamwa kwa shaka. Wale waliouawa hivyo hawakuzikwa kama watu huzikwa. Tunapomsikia mama mmoja akisema kwamba mwanawe hatulii, tusikimbilie kumwambia kwamba imani ya mizimu ni giza la kale. Anasema kwa lugha aliyo nayo kwamba haki haijatendeka. Na hapo yuko karibu na Biblia kuliko tunavyodhani, kwa maana tangu Mwanzo sura ya 4 damu ya Habili inalia kutoka ardhini.

Ushahidi wa roho

Maungamo yetu yanasema nini? Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, sehemu ya pili, Luther anaishughulikia misa na matokeo yake. Baada ya toharani anataja roho waovu waliojitokeza kama roho za watu waliokufa, wakidai misa, mikesha na safari za hija, na watu wakawaamini. Anauita udanganyifu. Wengi wetu tumezoea kukisoma kifungu hiki kama ugomvi na Roma uliokwisha zamani. Lakini tukiangalia vizuri, Luther hakatai hapo kwamba watu waliona jambo. Anakataa ushahidi wake. Hata roho ikitokea na kusema, neno lake si msingi wa kujenga fundisho wala ibada, kwa sababu Mungu hakutuamuru kufundishwa nayo. Ndiyo hoja ya Ibrahimu kwa yule tajiri katika Luka 16: walio hai wanao Musa na manabii.

Sasa na tuitazame mikutano ya maombezi ilivyo katika miji yetu, pamoja na baadhi ya sharika za Kiluteri. Msichana anaanguka na kupiga kelele. Mwombaji anamwinamia na kuuliza kwa sauti kubwa: Wewe ni nani? Umetoka wapi? Nani amekutuma? Sauti inajibu kwamba ni bibi fulani aliyekufa, au ni roho iliyotumwa na shangazi anayeishi nyumba ya tatu. Watu wanapiga vigelegele, roho inaamriwa kutoka, na msichana anaoshwa uso. Kesho yake shangazi hana wa kumsalimu. Kesho kutwa nyumba yake inarushiwa mawe. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa madai yenye ushahidi mdogo kuliko huo, na Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, humhesabia kosa amtajaye mwenzake kuwa mchawi. Mwombaji aliyeuliza lile swali hakushika jiwe. Lakini alimpa shetani, baba wa uongo, nafasi ya shahidi katika baraza la kanisa.

Hapo ndipo hadithi ya Anya inapotufaa. Msichana yule ana huruma, na huruma yake ni njema. Kosa lake ni kuamini simulizi ya mzimu bila kuuliza kwingine. Anapopekua magazeti ya zamani ndipo anapookoka. Kitabu cha katuni, kisicho na neno hata moja la theolojia, kimesema wazi zaidi kuliko mahubiri mengi: anayejiita mfu aliyeonewa aweza kuwa mwongo. Mtume Paulo naye, katika Matendo 16, alikutana Filipi na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi. Pepo yule alisema maneno ya kweli juu ya mitume. Paulo hakumhoji, hakumpa nafasi ya kushuhudia, hakumgeuza kuwa tangazo la mkutano. Alimwamuru atoke, na msichana akaacha kuwa chombo cha faida kwa mabwana zake. Yafaa kila mwombaji ajiulize nani anapata faida kwa kuanguka kwa wasichana wetu.

Basi ni marufuku kabisa kumkumbuka mfu mbele za Mungu? Hapa Waluteri wengi hushangaa wakisomewa maungamo yao wenyewe. Katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, kifungu cha 24, Melanchthon anakubali kwamba watu wa kale waliwaombea wafu, na anasema hatulikatazi jambo hilo. Anachokataa ni kuigeuza Meza ya Bwana kuwa malipo kwa ajili yao. Luther naye, katika ungamo lake la mwaka 1528 juu ya Chakula cha Bwana, aliona si dhambi mtu kumwomba Mungu mara moja au mbili amrehemu marehemu, kisha aliache jambo mikononi mwake. Mlango huo ni mwembamba, nasi hatutaki kuupanua. Lakini mlango mwembamba na ukuta ni vitu viwili, na wachungaji wengi wamewajengea waliofiwa ukuta.

Mwanamke wa Endori na Rispa binti Aya

Biblia ina wanawake wawili ambao yule msichana wa katuni anasimama katikati yao. Wa kwanza ni mwanamke wa Endori katika 1 Samweli 28. Anampandisha mfu kwa amri ya mfalme aliyekwisha kukata tamaa, na yatokayo huko hayampi Sauli tumaini lolote. Torati, katika Kumbukumbu 18, imelikataza jambo hilo, na hatuna cha kuongeza. Hata hivyo tungependa wanafunzi wasome mpaka mwisho wa sura: mwanamke huyo anamchinjia Sauli ndama na kumlisha, mtu ambaye kesho atakufa. Huruma yake kwa aliye hai haikukatazwa na Torati.

Wa pili ni Rispa binti Aya, na ni ajabu jinsi anavyohubiriwa mara chache. Habari yake imo katika 2 Samweli 21. Njaa imeshika nchi miaka mitatu kwa ajili ya damu ya Wagibeoni iliyomwagwa na Sauli. Wanaume saba wa ukoo wa Sauli wanatolewa na kutundikwa, wawili wao wana wa Rispa. Maiti zinaachwa. Rispa anatwaa gunia, anajitandikia juu ya mwamba, naye anakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua inyeshe, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hasemi na wafu. Hawaulizi neno, na hakuna mahali panapotajwa kwamba wao walimtokea. Anawalinda tu, hadharani, mbele ya macho ya watu wote, mpaka habari inamfikia mfalme. Ndipo Daudi anapokwenda Yabesh-Gileadi kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, anakusanya na mifupa ya wale saba, anaizika katika kaburi la Kishi. Baada ya hayo, asema mwandishi, Mungu akaridhika kuombwa kwa ajili ya nchi. Mvua ilikuja baada ya msiba kupata mwenyewe.

Kwa maoni yetu nguvu ya hadithi ya msichana anayesaidia mizimu iko upande wa Rispa, na hatari yake iko upande wa Endori. Vijana wanaipenda kwa sababu wanamwona mtu wa rika lao anayefanya kile ambacho wazee hawakufanya: anasimama karibu na aliyesahauliwa. Mchungaji akiichoma hadithi hiyo kwa ajili ya Endori atakuwa ameichoma na Rispa ndani yake.

Tena tusisahau kwamba Luther mwenyewe hakuogopa picha za kuzimu. Katika mahubiri yake ya Torgau ya mwaka 1533, ambayo Hati ya Makubaliano ya mwaka 1577 inayataja katika kifungu cha 9, anazisifu picha zilizochorwa kanisani: Kristo ameshika bendera, anashuka, anavunja milango ya kuzimu na kumfukuza Shetani. Alijua kwamba hakuna mlango wa mbao kule. Lakini alisema watu wa kawaida huishika imani kwa picha, na kwamba ni heri picha hiyo kuliko hoja kali za wenye elimu juu ya namna Kristo alivyoshuka. Sijui kama kuna tamko lolote la mwanatheolojia linalofaa zaidi kuwekwa mbele ya mchoraji wa katuni. Katuni zetu zina kuzimu tele. Hazina Yeyote anayeshuka huko kutoka kwa Mungu. Kazi hiyo inawangoja vijana wenye kipaji, na chuo kingefanya vema kuwatafuta.

Jumapili ya majina

Mwaka 1816 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliagiza Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa iwe siku ya kuwakumbuka waliofariki. Kutoka kanisa hilo la Prussia ndiko walikotoka wamisionari wa Berlin. Kwa hiyo tunayo siku, wala hatuhitaji kubuni nyingine. Twapendekeza sharika za mpakani ziitumie kwa kusoma majina ya wote waliozikwa na usharika katika mwaka huo, hata wasio Waluteri, na wasiojulikana jina watajwe kwa mahali walipokutwa na tarehe waliyozikwa. Majina hayasomwi ili wafu wasikie. Yanasomwa mbele za Mungu, na masikioni mwa walio hai wenye deni.

Deni hilo si la maneno tu. Mzee wa kanisa anayesoma jina la dereva aliyezikwa mwezi wa tano aulizwe kama barua iliandikwa kwao. Jina la baba mwenye nyumba likisomwa, usharika ujue mjane wake bado anakaa ndani ya nyumba hiyo au amekwisha kutolewa na shemeji zake. Ikiwa marehemu aliuawa, mchungaji aulize kesi imefika wapi, naye aulize polisi na mahakamani, si katika mkutano wa maombezi.

Kuhusu wanaokuja na habari za ndoto na za mtu aliyeonekana mlangoni usiku, mchungaji asikilize mpaka mwisho. Asiseme na aliyeonekana, wala asimwulize mwenye ndoto nani kamtuma. Amwulize habari za marehemu alipokuwa hai: alikufaje, nani alimzika, nini kiliachwa bila kutengenezwa. Kwa kawaida jambo lenyewe hujitokeza kabla chai haijapoa. Kisha waombe pamoja, wamkabidhi marehemu kwa Kristo mwenye funguo za mauti na za kuzimu, na waandike kwenye karatasi yatakayofanyika juma hilo, pamoja na jina la atakayeyafanya.

Daftari la majina laweza kutunzwa na vijana wa Kipaimara. Wao wana miguu ya kufika vyumba vya kupanga na kaya za pembezoni, na wengi wanajua Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali kuliko mchungaji aliyehamishiwa hapo mwaka jana. Ila wasitumwe makaburini jioni, na msichana asitumwe peke yake.